Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tununue Trekta Kubwa Zaidi au Tubaki na Hili?

Ndugu wanachama,

Nianze na miche, maana ndiyo iliyotufikisha kwenye mjadala huu. Msimu uliopita wengi wetu tulisia SARO 5, mbegu ya mpunga, tukitarajia kupandikiza ikiwa na siku 21. Waliokuwa mwanzoni mwa orodha ya trekta la chama, linalovuruga majaruba kabla ya kupandikiza, walipandikiza kwa wakati. Waliokuwa mwishoni walipandikiza miche ya siku 35, mirefu, ya manjano, mizizi imeshikana kitaluni. Mche uliozeeka hautoi machipukizi ya kutosha hata ukiupa mbolea nzuri, na matokeo yake kila mmoja ameyahesabu kwenye magunia. Jaruba langu lilikuwa la 203 kwenye orodha, kwa hiyo hasara hii siisimulii kwa kusikia. Wapo kati yetu wazee na wajane wasio na shamba jingine zaidi ya jaruba hilo moja. Wao nimewafikiria sana nilipokuwa naandika taarifa hii.

Katika mkutano wetu wa dharura baada ya mavuno, sauti zilikuwa nyingi: tuuze hili trekta dogo, tuchukue kubwa. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono. Mkaiagiza Bodi ichunguze na kuleta majibu. Tumechunguza kwa miezi mitatu, na leo nasimama mbele yenu nikiwa na mawazo tofauti na yale niliyokuwa nayo siku ile. Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga kura.

Trekta letu lina nguvu ya farasi 25, linavuta kwa magurudumu yote manne, lina uzito wa kilo 1,200 hivi na linabeba rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka kuvuruga tope, ya upana wa mita 1.2. Tulilopendekezewa lina farasi 45, uzito wake unakaribia kilo 1,900, na linaweza kuzungusha rotaveta ya mita 1.6. Ukiyaona yamesimama pamoja, moyo unakwenda kwa lile kubwa bila kuulizwa.

Sasa tuliingize jarubani. Majaruba yetu yana upana wa mita 30 na urefu wa mita 100. Kwa rotaveta ya mita 1.2 dereva anapiga mistari 25, na kwa ya mita 1.6 anapiga 19. Kwa mwendo wa kuvuruga tope, kilomita 3 kwa saa, kila mstari unachukua dakika 2. Kwa hiyo dogo linatembea dakika 50, kubwa dakika 38. Ongeza kugeuza: dogo linageuka kwa nusu dakika, kubwa linahitaji zaidi kidogo kwa sababu mzunguko wake ni mpana na kingo ziko karibu. Jumla yake, dogo linamaliza jaruba kwa saa moja na dakika tatu hivi, kubwa kwa dakika 50. Katika siku ya saa 8 za kazi, dogo lingetoa majaruba 7, kubwa 9.

Hapo ndipo niliposhtuka. Hesabu inasema dogo linaweza kutoa majaruba 7 kwa siku. Msimu uliopita lilitoa manne.

Tuliketi na kitabu cha kazi cha dereva na mita ya saa za injini. Msimu mkuu ulichukua siku 71 kuvuruga majaruba 238. Siku 11 trekta lilisimama kabisa, nitalieleza hilo baadaye kidogo. Katika siku 60 zilizobaki dereva alikuwa shambani wastani wa saa 10 kila siku, lakini mita inaonyesha injini iliunguruma saa 318 tu, yaani saa 5 na kidogo kwa siku. Na katika hizo, karibu saa nzima kila siku iliishia barabarani, trekta likitoka mfereji mmoja kwenda mwingine. Nusu ya siku lilikuwa limezimwa.

Kwa nini limezimwa? Sababu kubwa ni maji. Trekta linafika jarubani, ardhi haijaloa, mgawa maji amefungulia upande mwingine. Kisha mwenye jaruba hayupo, au kingo hazijatengenezwa, au jirani hataki trekta lipite kwake kwa kuwa tayari amepandikiza. Mara kadhaa dereva alikaa akisubiri dizeli iletwe kwenye madumu kwa bodaboda. Mara nyingine kisu cha rotaveta kimekatika na bolti haipo ofisini.

Nyuma ya mengi ya hayo ipo kanuni tuliyoipitisha sisi wenyewe, tena kwa nia njema: aliyelipa kwanza ahudumiwe kwanza. Inasikika kuwa ya haki. Lakini maji hayajui risiti. Maji yanashuka kwa mfereji, jaruba kwa jaruba, na orodha yetu ilikuwa inarusha trekta kutoka mfereji wa kwanza kwenda wa tano, kisha kurudi wa pili, huku mgawa maji akilifuata nyuma bila kulifikia. Nilipochora safari za wiki moja kwenye karatasi, mistari ilipishana kama utando wa buibui. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani, naomba kila mmoja aitazame wakati wa chai. Kama tungebadili trekta bila kubadili orodha, lile la farasi 45 lingesubiri maji yaleyale, likiwa limezimwa, na deni juu yake.

Kuhusu zile siku 11. Sili ya ekseli ya mbele, inayozuia maji na tope visiingie, ilichakaa, tope likaingia kwenye mafuta, beringi zikasagika. Ni ugonjwa wa kawaida wa trekta la magurudumu manne linalofanya kazi kwenye maji, na angeweza kuliona mapema yeyote ambaye angefungua mafuta ya ekseli na kuyakuta yamegeuka rangi ya maziwa. Hatukufungua. Kipuri kiliagizwa Dar es Salaam kwa aliyetuuzia trekta, kikaja cha ukubwa usio sahihi, kikarudishwa, tukasubiri tena. Sili ile ingekuwa kwenye droo ya ofisi, tungepoteza siku moja. Wenye umri wangu mnakumbuka pawatila zetu mbili, yale matrekta ya magurudumu mawili, zilizokuja enzi za Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuinua kilimo, baada ya 2009. Zile hazikuuawa na kazi, ziliuawa na kukosa vipuri, na mabaki yake bado yako nyuma ya ghala.

Mwezi wa pili wa uchunguzi wetu tulimwomba muuzaji alete lile kubwa tulijaribu kwenye majaruba yetu. Upande wa juu lilifanya kazi nzuri, tena nzuri mno, na dereva wetu alishuka akitabasamu. Likala lita 6 na nusu kwa saa, letu hula 4. Kwa jaruba moja hiyo ni lita 5 na nusu dhidi ya lita 4 na kidogo. Upande wa chini, kule ambako maji hayakauki mwaka mzima, lilizama hadi ekseli katika jaruba la pili. Tulifukua kwa majembe hadi magharibi. Nasema kwa haki kwamba lilikuwa na tairi za kawaida, halikufungwa magurudumu ya chuma yanayosaidia trekta lisizame kwenye tope. Lakini jambo lililoniumiza halikuwa kuzama. Chini ya tope letu, kina cha shubiri moja hivi, kuna tabaka gumu lililojijenga kwa miaka ya kuvurugwa. Tabaka hilo ndilo sakafu inayoshika maji yasipotelee chini, na ndilo linalobeba magurudumu. Mashine nzito ikilitoboa, jaruba lile linavuja na kila atakayeingia baada yake anazama. Mwenye jaruba hilo la majaribio ameniambia maji yake sasa hayakai kama zamani. Bodi itamlipia kazi ya kulirekebisha, ni wajibu wetu.

Zana nazo zina habari yake. Pini za mikono ya chini ya trekta letu, zinazoshika zana, zina unene wa milimita 22. Matrekta mengi ya ukubwa ule hutumia za milimita 28. Rotaveta, plau na haro tulizo nazo ni za farasi 25, na hata tukizilazimisha kwa bushi zitavunjika chini ya nguvu kubwa. Kwa hiyo bei ya trekta haiji peke yake.

Na bei ni hii: Sh milioni 52 kwa trekta, na Sh milioni 8 kwa rotaveta na magurudumu ya chuma. Letu wanalichukua kwa Sh milioni 14. Mfuko wetu wa mashine una Sh 10,328,000 baada ya kufunga hesabu za mwaka. Linabaki deni la karibu Sh milioni 36. Tukilipa kwa miaka minne ni Sh milioni 9 kila mwaka, riba haijaguswa.

Mwaka huu trekta lilihudumia majaruba 334 kwa misimu yote miwili, kwa Sh 45,000 kila moja, likaingiza Sh 15,030,000. Dizeli ilikula Sh 5,100,000, dereva Sh 2,672,000, matengenezo na vipuri Sh 3,190,000, oili na filta Sh 640,000. Ziada ni Sh 3,428,000. Wanaosema trekta kubwa litajilipa lenyewe naomba waiweke ziada hiyo kando ya Sh milioni 9 na waniambie pengo litazibwa na nani. Ada ya jaruba ikipanda hadi kulifunika, wajane niliowataja watarudi kwenye jembe la mkono.

Wajumbe wawili kati ya saba wa Bodi hawakubaliani nami, na wamenitaka niyaseme maoni yao kwa ukamilifu. Wanasema kila mwaka, kabla maji hayajafunguliwa, tunawaita wenye matrekta ya farasi 75 kutoka nje kuja kutulimia ardhi kavu kwa plau la sahani tatu, na fedha hiyo inaondoka kijijini. Mashamba yetu ya mahindi ya juu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na letu likifungwa plau hata la sahani mbili linateleza linapiga miayo. Trekta la farasi 45 lingefanya kazi hiyo, lingelimia na wasio wanachama, na bei ya matrekta haijawahi kusubiri mtu. Hoja hii ni nzito. Kama mashamba ya juu yangekuwa mengi kuliko majaruba yetu, ningesimama upande wao. Lakini chama hiki kilianzishwa kwa ajili ya mpunga, na wanachama wenye shamba la juu hawafiki theluthi moja.

Pendekezo la Bodi, kwa kura tano dhidi ya mbili, ni tusinunue mwaka huu. Badala yake orodha ipangwe kwa mfereji, kuanzia wa juu kushuka, na kila mfereji usie vitalu vyake kwa wiki yake, ili anayefikiwa mwisho na trekta awe pia amesia mwisho. Miche ya siku 21 itakuwa ya wote. Tuajiri dereva wa pili, kijana wetu aliyemaliza VETA, wapokezane. Na tutoe Sh 2,900,000 kwenye mfuko kwa ajili ya magurudumu ya chuma, seti mbili za visu, sili, filta na tangi la akiba la dizeli. Tukifikia majaruba 6 kwa siku, msimu mkuu utakwisha kwa siku 40. Tusipofikia, kwa kosa la mashine na si letu, suala hili litarudi mkutano ujao likiwa na takwimu, na tutaomba kwanza CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha, watueleze wamepima nini kuhusu aina tutakayoichagua.

Mkiamua kinyume na Bodi, ni haki yenu. Ila fahamuni kwamba mkopo wa kiasi hicho unahitaji mkutano huu upitishe ukomo wa madeni mpya, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika auidhinishe, kabla hatujasaini chochote.

Mengine kwa ufupi. Tumepoteza wanachama wawili mwaka huu na tumepokea tisa. Paa la ghala limekwisha kuezekwa. Mfereji wa nne umesafishwa kwa nguvu zetu, nawashukuru hasa kina mama waliojitokeza siku zote tatu. Katibu atasoma hesabu zilizokaguliwa baada ya taarifa hii.

Kitabu cha kazi cha dereva na picha ya mita ya saa viko mezani kwa mhazini. Kura kuhusu trekta itapigwa baada ya chakula cha mchana, kwa karatasi za siri, na wasiosoma watasaidiwa na watu watakaowachagua wenyewe.