Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wenzetu Ambao Pensheni Yao Bado Iko

Ndugu wanachama, wazee wangu na mama zangu, asalaam aleikum na salamu kwenu nyote.

Hesabu atazisoma mhazini. Michango ya rambirambi ilifika kwa wakati, ahsanteni sana. Mimi nataka kusema juu ya kazi moja tu: kuwatafuta wenzetu tuliofanya nao kazi Shimanzi, hapa Mombasa, ambao mafao yao ya pensheni hayajachukuliwa.

Wadhamini wa mfuko wa pensheni walitupa orodha, na majina yenyewe yakatutoa jasho. Orodha ina majina ya kipande, yaani kitambulisho, na sisi kazini tuliitana kwa lakabu. Fundi mmoja wa karakana tulimpata kwao Taita kwa sababu mama aliyekuwa akitupikia alikikumbuka kijiji chake. Fundi huyo alitutolea pesilipu zake kwenye mfuko wa nailoni, zimekunjwa pamoja na kadi za kliniki za watoto wake, nazo namba yake ya kazi inasomeka vizuri. Namba hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi kama ndiye mwenye jina.

Lakini wagumu zaidi ni wale tunaowajua walipo, Changamwe hapa, Likoni pale, wanaotujibu, "Mimi nilishalipwa." Ndugu zangu, ulipoacha kazi kabla ya umri wa kustaafu huenda ulipewa mchango wako na sehemu tu ya ule wa mwajiri. Kanuni zinaruhusu mtu achukue hadi nusu ya mchango wa mwajiri. Uliobaki hukaa kwenye mfuko mpaka afikishe umri. Wengi walitia saini, wakapokea hundi, wakadhani mambo yamekwisha. Waambieni waulize.

Tena wasichanganye pensheni hii na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ulioanzishwa 1965. Hiyo ni akiba nyingine, na mtu anaweza kuwa na zote mbili.

Kwa waliotangulia mbele za haki, nina uchungu na jambo moja. Tumekuta wajane waliokaa miaka bila kudai, wakingoja mirathi iishe mahakamani. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, kifungu cha 36A, inasema mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake; wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Kwa hiyo mjane aende kwa wadhamini mapema na cheti cha kifo, asingoje kesi ya shamba. Nanyi mlio hai, itazameni fomu ya kuteua wanufaika. Wapo walioijaza wakiwa makapera na hawakuirudia tena.

Fedha zilizolala muda mrefu bila mwenyewe huweza kupelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa, kwa sheria ya 2011. Hazijapotea, mwenyewe au warithi wake bado wanaweza kuzidai. Anayekupigia simu akitaka asilimia au picha ya kipande chako, mkatie. Chama hiki hakimtozi mtu hata shilingi.

Waliobaki kwenye orodha wengi walirudi bara, Ukambani na Nyanza. Katibu ana orodha pale mezani. Kabla hujachukua chai, pitia majina, na ukimjua mtu andika kando lakabu yake, kijiji chake na ndugu yeyote unayemkumbuka.