Barua kwa mwanangu: usilale betri ikiwa kwenye chaji

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Kapu limeondoka na basi la asubuhi na barua hii imo ndani, chini ya visheti. Kalichukue mwenyewe stendi ya Mbezi, usimtume rafiki. Ningepiga simu, ila nikikwambia jambo kwenye simu unaitikia "sawa baba, sawa baba" mpaka salio linakwisha, na mimi sijui umesikia au umeitikia tu. Karatasi haiitikii. Soma.

Ni ile picha uliyotuma Jumapili kwenye kundi la familia. Mama yako ameona gari lako la kuchezea la rimoti, akasema mashallah. Mdogo wako ameona magurudumu. Shangazi yako ameuliza bei. Mimi nimeona kilichokuwa nyuma ya gari: godoro, juu ya godoro chaja, kwenye chaja betri imechomekwa, na kandoni mto wa kulalia. Chini yake ukaandika mwenyewe, saa tano na nusu usiku: "Nachaji, nalala, alfajiri ufukweni." Ukaweka na kicheko.

Unalala betri ikiwa kwenye chaji. Juu ya godoro la sponji, katika chumba chenye mlango mmoja na dirisha la nondo.

Siku ulipounguza kabati, siku kabati lilipoungua, unaijua vizuri kuliko mimi, sina haja ya kuisimulia. Nakukumbusha muda tu. Tangu ule mlio kama tairi linalovuja mpaka moto kufika kwenye nguo za mama yako, hukuwahi kuhesabu kumi. Na ulikuwa macho, umesimama hatua mbili, mchana kweupe. Sasa nieleze mtu aliyelala atafanya nini na hizo sekunde.

Mimi nimetengeneza redio za watu miaka thelathini na betri nimezizoea. Ya pikipiki ukiikosea inachemka, inatoa povu, inanuka, inakupa nafasi ya kuitukana kabla haijakuharibia kitu. Hizi zako za lithiamu hazina adabu hiyo. Ndani ni karatasi za chuma nyembamba zimekunjwa pamoja, zimetenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na maji yaliyomo yanawaka kama petroli. Utando ukitoboka au ukiyeyuka, seli, yaani kichumba kimoja cha betri, inajipasha yenyewe, joto linazaa joto, inamuambukiza jirani yake. Ikifika hapo kuchomoa waya hakuisimamishi. Na za magari yako hazina hata lile bati gumu la betri ya tochi, zimevikwa kifuko laini tu ili ziwe nyepesi. Ndiyo maana likipinduka gari na kugonga jiwe, usiitie betri kwenye begi ukarudi nayo kwenye daladala. Iweke nje mahali patupu, kaa nayo mbali nusu saa, itazame. Ikivimba au ikipata joto hali haifanyi kazi, usiiamini tena.

Kuvimba nako. Nimeona kwenye picha ile ile betri moja imetuna kama mkate wa kumimina. Usinijibu kwamba "bado inasukuma". Ile ni hewa iliyotokana na kuoza ndani. Itoe gari, ifungie kwenye balbu ya taa ya pikipiki huko nje mpaka izimike kabisa, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za umeme. Usiitupe jalalani, unajua majalala yetu yanachomwa moto jioni na watoto wako pale wanaokota chupa.

Sikuandikii haya kwa sababu nadhani hujui. Hilo ndilo linaloniumiza. Unajua kuwa seli moja inajaa volti 4.2 na si zaidi, unajua haitakiwi kushuka chini ya 3, wewe ndiye uliyenifundisha kuwa ya kuhifadhi inaachwa kwenye 3.8 hivi, si kuijaza na kuisahau wiki tatu. Unajua betri ya miliampea-saa 5000 inachajiwa kwa ampea 5, saa moja na ushei, ukitulia. Lakini hutulii. Ulimwambia mdogo wako kwamba kibandiko kimeandika inaruhusu ampea 25, dakika kumi na tano imejaa. Kibandiko hicho hicho kimeandika inaweza kutoa ampea 250. Hata tukikata nusu, tukasema waandishi wa vibandiko wana chumvi, bado huo ni umeme wa kuyeyusha pete kidoleni. Vua pete na saa unapounga waya. Na unapobadilisha plagi ya betri kata waya mmoja, uunge, uufunike, ndipo uguse wa pili. Koleo likikata zote mbili kwa mpigo limezikutanisha. Mimi koleo langu lina pengo, unalijua, sikukuambia lilipatikanaje.

Mkono wako wa kuunga risasi lakini ni mzuri kunizidi, nalisema hili karatasini kwa sababu mdomoni halitoki. Ile mikono ya gari uliyokata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama nimeitundika dukani. Wateja wakija na redio zao nawaonyesha kwanza video ya gari lako likipanda tuta la mchanga, ndipo nawauliza redio ina nini. Mmoja aliondoka bila kuacha redio.

Basi nisikilize. Unapochaji, kaa hapo. Ukitaka kuoga, chomoa. Ukiitwa msikitini, chomoa. Ukisinzia, chomoa kwanza. Chaji mchana, sakafuni kwenye saruji au vigae, mita moja kutoka kwenye pazia na nguo. Mama yako amekutilia kwenye kapu chungu chake kimoja, alicheka sana nilipokiomba, na ndani ya chungu kuna fuko la mchanga mkavu. Betri ikae ndani ya chungu, chaja iwe nje. Kifuniko ukikiweka kiegemee tu, usikibane kwa kitu, moshi ukikosa njia chombo chenyewe kinageuka bomu. Ule mfuko wa kuzuia moto ulionunua uutumie pia, ila usidhani umenunua ruhusa ya kulala.

Moto ukianza, moshi ule usiuvute, una sumu. Kama swichi ya ukutani iko karibu na mlango, zima, kama haiko karibu, iache. Toka, funga mlango, piga 114. Gari liache. Najua utataka kulirudia.

Ijumaa unaruka kwenda Muscat kwa mjomba wako na bado hujaniambia betri zinakwenda vipi. Usizitie kwenye sanduku la chini. Betri za akiba za lithiamu zinakwenda na abiria mkononi, kila moja vichwa vyake vimefungwa utepe na ipo kwenye mfuko wake, chaji ikiwa ile ya kuhifadhi. Uangalie hesabu ya wati-saa, volti mara ampea-saa. Zile mbili za seli tatu ni 11.1 mara 5, unapata 55.5, hazina neno. Hii mpya ya seli sita uliyojisifia ni 22.2 mara 5, ni 111. Imepita 100, kwa hiyo inahitaji kibali cha shirika la ndege, na hata kwa kibali haziruhusiwi kuzidi mbili za namna hiyo. Zikipita 160 hazipandi kabisa na abiria. Waandikie leo, usingoje kubishana kaunta na watu nyuma yako. Wakikataa, iache kwa rafiki, mimi nitakuja kuichukua.

Usione wanakuonea. Mjomba wako alikuwa Dubai mwaka 2010, muulize. Tarehe 3 Septemba, ndege ya mizigo, Boeing 747, ilitoka pale kwenda Cologne, Ujerumani, ndani kulikuwa na mzigo mkubwa wenye maelfu ya betri za lithiamu. Moto ukaanza huko nyuma, moshi ukajaa chumba cha marubani hadi hawaoni vipimo vyao, wakageuza kurudi Dubai, hawakufika kwenye njia ya kutua. Walikuwa wawili, wakafa wote wawili. Tangu 2016 betri za lithiamu zinazokwenda peke yake kama mzigo hazipakiwi kwenye ndege za abiria. Watu wale walikuwa macho, wamesomea, wana vinyago vya hewa. Wewe una mto.

Na huko Muscat usidhani joto ni hili letu la Tanga lenye upepo wa bahari. Miezi ya Juni na Julai linapita nyuzi 40 kivulini, na gari lililofungwa vioo juani ndani yake ni tanuri. Betri usiiache ndani ya gari la mjomba wako hata dakika za kununua maji. Najua umeshaangalia ile michanga ya Bausher kwenye simu na unahesabu siku. Nenda jioni. Ukimaliza kuendesha, betri itakuwa ya moto, iache ipoe mpaka uiguse usihisi kitu, ndipo uichaji, nyumbani, sakafuni. Vyungu huko havikosi, Bahla wanafinyanga tangu zamani, mwambie mjomba wako akununulie kimoja. Namba ya dharura ya huko ni 9999, iandike ukutani, isiwe kwenye simu peke yake. Na katika nyumba ile kuna watoto wadogo watatu wanaolala chumba cha pili yako. Sijamwambia mjomba wako habari za kabati. Nimemwambia kijana wangu ni makini.

Sasa hili. Chaja ya zamani nimeitoa stoo. Bado nzima, imeungua ubavu tu. Nimeiandika juu kwa kalamu nzito: PIKIPIKI TU. Unaweza kukumbuka kwamba usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa na safari ya Muheza na pikipiki haikuwa inawaka. Chaja ile ina mahali pa betri za lithiamu na mahali pa betri za risasi, na kitu kinachowekwa mwisho ndicho inachokikumbuka. Betri ya pikipiki inasukumwa mpaka volti 14 na kitu. Ya seli tatu mwisho wake ni 12.6. Jioni ile nilipokuwa nazoa majivu, kioo cha chaja kilikuwa bado kinasomeka, herufi mbili, Pb, yaani risasi. Nilizisoma. Nikachomoa waya nikaifungia stoo, nikatoka uani ulikokuwa umekaa.

Ulitakiwa nawe usome kioo kabla ya kubonyeza. Hilo nalisimamia. Kila mara soma kioo: aina ya betri, idadi ya seli, ampea, na ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazisha seli iwe imeingia mpaka mwisho. Usiazime mtu chaja yako, na wewe usiazime ya mtu. Lakini fimbo zile tatu nimezibeba mimi miaka minane, na mama yako mpaka leo anaamini ulikuwa unacheza na waya. Nitamwambia. Nilitaka ulijue wewe kwanza.

Hapa tuko salama. Goti la bibi yako limetulia baada ya mvua kukata. Bati la jikoni nimelipigilia upya, linavuja pale pale. Mdogo wako amefaulu hisabati, amefeli kiarabu, mwalimu wake ni yule yule. Mpangaji wa chumba cha uani hajalipa mwezi wa pili huu na LUKU yake amejiunganishia kwetu, nimegundua nilipofungua kisanduku cha breka, namgoja arudi Lushoto. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mmoja mama yako amesema ni wako, kwa hiyo usichelewe kurudi hadi awe supu ya mtu mwingine.

Kwenye kapu, mbali na chungu: visheti, pilipili ya kusaga ya mke wa mjomba wako, achari ya embe mitungi miwili (hii itie kwenye sanduku la chini, maana mkononi watakunyang'anya), na bahasha yenye nauli ya teksi kwenda uwanja wa ndege. Usiitumie kununulia tairi.

Nitakupigia Alhamisi saa tatu usiku. Nitakuuliza betri ziko wapi, na nitataka picha.

Mama yako anauliza kanzu ya mjomba wako ni inchi ngapi urefu, 58 au 60. Jibu leo hii, fundi anafunga saa kumi.

Baba yako