Cheti cha mtoto hakina mstari wa kugombania kabila

Ndugu Mhariri,

Barua mnazochapisha juu ya Banyamulenge (Watutsi wa milima ya Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo-Kinshasa) na uraia karibu zote zinabishana nani alifika milimani mwaka gani. Sheria zenyewe zimeyumba. Ile ya 5 Januari 1972 iliwapa uraia kwa jumla watu wa Ruanda-Urundi (leo Rwanda na Burundi) waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Ya 1981 ikaufuta uraia huo wa jumla, kipimo kikawa makabila yaliyokuwepo nchini 1885. Ya 12 Novemba 2004, tunayoitumia leo, inaangalia makabila yaliyokuwepo wakati wa uhuru. Mtu mmoja, shamba lilelile, majibu matatu.

Lakini kinachokwamisha familia si historia, ni karatasi. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90: unafika komini (ofisi ya serikali ya mtaa) na karatasi ya maternité, yaani ya hospitali ya uzazi, pamoja na kitambulisho, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura. Siku 90 zikipita, afisa haandiki tena bila hukumu ya mahakama ya watoto, na hapo gharama zinaanza, nauli ikiwa ya kwanza.

Sasa chukua mama aliyekimbia Minembwe, huko milimani, hadi mji wa Uvira. Karatasi ya maternité imebaki nyumbani, au anayo ila jina lake lina R, na kwenye kadi lina L. Afisa anaacha kalamu, anauliza: «Wewe kabila gani?» Swali hilo halina kazi pale. Kila mtoto anayezaliwa Kongo anaandikishwa, hata wa mgeni. Cheti cha kuzaliwa hakimpi mtu uraia. Cheti cha uraia kinatoka kwa Waziri wa Sheria, Kinshasa. Afisa anayechanganya hivyo viwili anatengeneza mtu asiye na karatasi, na kesho huyohuyo anaitwa mgeni kwa sababu hana karatasi.

Tena tangu waasi wa M23 waingie Bukavu, Februari 2025, watu wanauliza muhuri upi, wao au wa Kinshasa, utakubaliwa baadaye. Kwa hiyo wazazi, msitoke dirishani kabla ya kunakili nambari ya cheti, volimu na folio (kitabu na ukurasa alipoandikwa mtoto). Pigeni picha karatasi ya maternité siku ileile, mumtumie ndugu aliye mji mwingine. Karatasi ikiungua, hakimu ataanzia kwenye nambari hizo.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu