Barua kwa Mwanangu: Florini Iliyo Majini Mwetu

Usa River, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata, na nimesikitika kusoma kwamba umekariri elementi 20 za kwanza lakini huoni jedwali la elementi lenyewe linakufaa nini. Naomba uanze na moja tu, namba 9, yaani florini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoyatia meno ya watoto wengi wa huku Arumeru rangi ya kahawia.

Florini ina elektroni 2 katika mzingo wa ndani na 7 katika mzingo wa nje. Imepungukiwa moja tu ili itimize nane, na hakuna elementi inayovuta elektroni kwa nguvu kuishinda. Watu waliumia, wengine wakafa, wakijaribu kuitenga, hadi Henri Moissan wa Ufaransa alipofanikiwa mwaka 1886.

Ikikutana na sodiamu, yenye elektroni moja ya nje, huichukua. Sodiamu hubaki na chaji chanya, florini huwa floraidi yenye chaji hasi, nazo hushikana kwa mvutano wa chaji hizo. Huo ni muungano wa ayoni, yaani wa atomu zenye chaji. Atomu mbili za florini zikikutana, hakuna inayokubali kutoa, kwa hiyo huchangia jozi ya elektroni, nao ni muungano wa kovalenti. Ule wa metali, ambamo elektroni za nje huzunguka huru, mwalimu atauonyesha kwa waya wa shaba.

Sasa tazama safu wima ya pili ya jedwali, ilimo kalsiamu. Kalsiamu hutoa elektroni mbili na kushika floraidi mbili kwa nguvu kiasi kwamba kampaundi yao karibu haiyeyuki majini, ilhali ile ya sodiamu huyeyuka. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina sodiamu nyingi, na maji mengi yapitayo humo yana kalsiamu kidogo. Hivyo floraidi haikamatwi njiani, bali hufika ndooni mwetu, mara nyingi ikiwa imepita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuiondoi, kwani mvuke huenda zake na ayoni hubaki katika maji yaliyopungua.

Jino nalo limejengwa kwa kalsiamu, fosfati na hidroksidi (ayoni ya oksijeni na hidrojeni). Floraidi, ambayo chaji yake ni sawa na ya hidroksidi na ukubwa wake unakaribiana nayo, huingia mahali pake. Ikiwa kidogo hulikinga jino lisioze. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbika, huyaachia madoa. Mkaa wa mifupa tunaochujia maji una madini ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo floraidi hunaswa humo kabla ya kufika kinywani, mpaka nafasi zijae na mkaa ubadilishwe.

Katika barua yako ijayo, nieleze kwa nini neoni, jirani wa florini upande wa kulia, haiungani na sodiamu wala kalsiamu.

Mama yako akupendaye