Risala ya Kamati ya Maandalizi ya Mbio za Baiskeli za Milimani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Ndugu Afisa Michezo,
Mwalimu Mkuu na walimu wenyeji wetu,
Wazazi, waendeshaji na wananchi mliosimama juani,
Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama hapa Dodoma, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha kazi zako na kuja kukanyaga vumbi pamoja nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi za michezo huishia kwenye vikombe, fulana na medali. Kwetu vitu hivyo si shida sana, kwa kuwa vinaonekana kwenye picha na mfadhili wa kuvitoa hakosekani. Taabu yetu iko kwenye visivyopigwa picha: chokaa ya kuchorea njia, mafuta ya gari la wagonjwa, posho ya kijana anayekaa saa tatu kwenye kona chini ya mgunga, na kipande cha ardhi ambacho mwakani bado kitakuwa njia. Mbio za vijijini na mitaani hufa kwa kukosa hivyo.

Mbio tunazoziandaa ni za mzunguko porini, aina iliyoingia kwenye Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Mzunguko wetu una kilomita 5. Wanaume wanapiga raundi 5, wanawake 4, vijana wa chini ya miaka 17 raundi 3, na watoto raundi moja iliyofupishwa. Tunaulizwa mara nyingi kwa nini tusianzie mjini tukaenda mpaka Hombolo, maana ingependeza zaidi. Ingependeza kweli, lakini njia ndefu inadai wasimamizi mara nne, magari mawili ya wagonjwa na vituo vya maji ambavyo hakuna anayeviona mpaka maji yaishe. Kwenye mzunguko mfupi, aliyeanguka anapitwa na wenzake ndani ya dakika chache na taarifa inafika haraka.

Tuanze na ardhi, Mheshimiwa, kwa sababu ndiyo inayotunyima usingizi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, viwanja vinapimwa kila upande. Tunafurahia. Ila njia za baiskeli ni vile vijia vya ng'ombe na vya waendao kisimani, na vijia hivyo havimo kwenye ramani ya mtu. Upande wa Ntyuka na Iyumbu unaweza kusafisha njia mwezi wa tano, ukarudi mwezi wa saba ukakuta bikoni za mipaka ya viwanja katikati na ukuta umefika kwenye renta. Kubadili mita 300 za njia si kuhamisha utepe tu. Unapima upya urefu wa raundi, unabadili vituo vya wasimamizi, unaandika barua mpya, na waendeshaji waliokwisha kufanya mazoezi wanalalamika kwa haki.

Barua zenyewe zina mlolongo: mtaa, kata, ofisi ya michezo, polisi, na wenye barabara pale tunapovuka. Baada ya mihuri yote hiyo kuna mtu ambaye hakuandikiwa, naye ni mwenye shamba. Kibali cha mtaa hakimfungi. Tumeona ni busara kumfuata nyumbani kwake mapema, kumwonyesha kwa miguu mahali baiskeli zitakapopita, na kuandikishana mbele ya mjumbe. Akikataa, tunazunguka. Asipofuatwa, asubuhi ya mbio njia inakutwa imezibwa kwa matawi ya miiba, na hapo kosa si lake.

Tarehe nayo haichaguliwi kwa kutazama kalenda ukutani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mei na Juni watu wanavuna uwele, mtama na alizeti. Kwa hiyo nafasi halisi ni mwisho wa Juni hadi Agosti: mashamba yamevunwa, asubuhi zina ubaridi, na jua la Oktoba halijafika. Tunaanza saa 1 asubuhi ili kundi la mwisho limalize kabla ya saa 5. Kusogeza kuanza hadi saa 3 kwa kumsubiri kiongozi (utatuwia radhi, Mheshimiwa, wewe leo umewahi) ni kuwapeleka watoto kwenye joto na upepo wa vumbi.

Mvua zikiisha, njia huwa imekwisha kuharibika. Udongo wetu mwekundu wenye mchanga hauna subira na maji: kijia kinachoshuka kilima moja kwa moja kinageuka mfereji kwa msimu mmoja. Njia inayodumu hukata kilima kwa ubavu, mwinuko wake hauzidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, na kwa wastani hauvuki asilimia 10. Ukingo wa chini unainamishwa kidogo ili maji yatoke badala ya kukimbia ndani ya njia. Palipo pakali tunazika mawe kwa mshazari kama kingamaji, theluthi mbili ya kila jiwe ikiwa chini ya ardhi, maana lililowekwa juujuu linang'olewa na tairi la kwanza. Kazi hii inataka majembe, sururu, reki na koleo, na watu ishirini kwa Jumamosi tatu. Korongo lenye mchanga tunalivuka mahali pembamba na kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa kona ndani ya mchanga inaangusha hata mzoefu.

Kuna pia suala la mwanzo wa mbio. Watu 60 wakitoka pamoja na kukutana na kijia cha upana wa nusu mita baada ya hatua hamsini, wanavunjana. Tunahitaji uwazi wa upana wa mita 8 na urefu wa mita 250 kabla ya kijia, ili wenye kasi watangulie. Ndiyo sababu ya kuuomba uwanja huu wa shule, na tunamshukuru Mwalimu Mkuu. Baiskeli zenye gia tunazitoa kwanza, kisha baada ya dakika 2 tunazitoa zile za kawaida za mzigo, ambazo zina mashindano yao na washindi wao. Kuzichanganya ni kumwonea anayepanda kilima na fremu nzito isiyo na gia.

Alama za njia, Mheshimiwa, zinaonekana jambo dogo. Mbio nyingi zinazoishia kwa ugomvi huharibikia hapo. Kila kona inahitaji mishale mitatu: mmoja mita 30 kabla, mmoja kwenye kona yenyewe, na mmoja mita 20 baada yake wa kumhakikishia mwendeshaji kuwa hajapotea. Njia isiyotakiwa inafungwa kwa alama ya X. Palipo na hatari, mshale mmoja wa kuelekea chini maana yake punguza mwendo, miwili ni hatari kubwa, mitatu ni hatari ya juu kabisa, na kwa mgeni wa njia sisi tunasema shuka usukume. Mfuko mmoja wa chokaa wa kilo 25 unatosha kuchora mishale ya mzunguko mzima, ila upepo wa mchana unaifuta, hivyo tunachora alfajiri ya siku yenyewe. Utepe wa plastiki unapendwa na watoto, na mbuzi nao hawauachi. Tukiufunga jana yake, tunakuta nusu. Kwa hiyo lazima mtu apite njia yote kwa baiskeli saa 12 asubuhi akiwa na utepe wa akiba na nyundo, na wa pili apite muda mfupi baadaye kumkagua wa kwanza.

Kuna vituo 14 vya wasimamizi, viwili kati yake vikiwa kwenye kuvuka barabara na kuhitaji watu wawili kila kimoja, wenye vibendera. Jumla watu 16. Kila msimamizi ana filimbi: mlio mmoja baiskeli inakuja, mitatu kuna aliyeumia. Namba ya kituo imeandikwa kwa rangi kwenye jiwe, kwa sababu anayepiga simu akisema "niko karibu na mbuyu" hakuna atakayemfikia. Nyuma ya kilima mtandao unakatika, na hapo tunaweka bodaboda.

Sasa tupige hesabu. Ada ya kushiriki ni shilingi 5,000. Waendeshaji 60 wanaleta shilingi 300,000. Posho ya shilingi 10,000 kwa wasimamizi 16 inachukua 160,000. Zinabaki 140,000 za chokaa, utepe, kuchapisha namba, maji, sanduku la huduma ya kwanza na mafuta ya gari. Tukipandisha ada, anayeachwa nje ni kijana wa mtaa huu ambaye mbio zimeanzishwa kwa ajili yake. Na mfadhili anapotuletea fulana mia, tunapokea na kushukuru, huku tukijua kwamba bei ya kuichapisha fulana moja inakaribia posho ya msimamizi mmoja.

Zawadi nono za fedha kwa mshindi wa kwanza nazo tuna maoni nazo. Zinawavuta wazoefu watatu au wanne kutoka mikoa mingine, wanachukua bahasha na kuondoka. Tyubu mbili, tairi, cheni na pedi za breki kwa watu kumi wa kwanza wa kila kundi zinarudisha watu kumi barabarani.

Tyubu tunazitaja kwa makusudi. Kiangazi cha Dodoma kina mbigili, na mbegu zake zilizokauka hubaki njiani miezi mingi baada ya mmea kufa. Kuna pia miiba ya migunga inayodondoka wachungaji wanapoburuta matawi ya kujengea maboma. Tunashauri kila mwendeshaji aje na tyubu mbili, akate tairi kuukuu liwe utepe mrefu na kuulaza kati ya tairi na tyubu. Unaongeza uzito, lakini unamfikisha mwisho. Anayepata pancha apapase ndani ya tairi lote kwa vidole kabla ya kuweka tyubu nyingine. Mwiba uliobaki unatoboa tena ndani ya mita mia. Na kiraka kisibandikwe gundi ikiwa bado inang'aa kwa unyevu.

Ukaguzi kabla ya kuanza unachukua dakika moja kwa kila baiskeli: breki zote mbili zikamate gurudumu likisukumwa, ekseli zikazwe, na ncha za usukani zizibwe. Bomba lililo wazi linamchoma mtu tumboni anapoanguka, na kizibo cha mti kinatosha kuzuia. Wanaokataliwa wengi ni kwa breki, na fundi wetu huwarekebishia hapo hapo kama waya haujakatika. Helmeti ni lazima. Za bodaboda haziruhusiwi, kwa kuwa ni nzito na hazipitishi hewa, na kwenye mlima zinamchosha mtu kwa joto. Helmeti iliyowahi kugonga chini kwa nguvu hairudi kwenye sanduku la kuazimishana, hata ikionekana nzima.

Maji tunakadiria lita 3 kwa kila mtu. Kwa watu 60 na wasimamizi 16 ni lita 228, yaani madumu 12 ya lita 20, na mawili zaidi ya kuoshea vidonda peke yake. Bila gari la wagonjwa hatuanzi. Tumeliandika hilo kwenye kanuni ili lisijadiliwe asubuhi ya mbio watu wakiwa mstarini.

Matokeo yanachukuliwa na watu watatu: mmoja anataja namba kwa sauti, wa pili anaandika namba na saa, wa tatu anarekodi video kwa simu bila kukatisha. Ugumu uko kwa waliopitwa raundi, kwa sababu anayeonekana wa tano anaweza kuwa wa ishirini. Kanuni ya Shirikisho la Kimataifa, UCI, humtoa anayechelewa kwa asilimia 80 ya muda wa raundi ya kwanza ya kinara: kinara akitumia dakika 15, anayeachwa kwa dakika 12 anatolewa. Kwetu anayefikia hapo anamaliza raundi aliyomo na kupewa nafasi yake kwa idadi ya raundi. Amelipa ada, na mama yake yuko pale kwenye utepe anamsubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hayo tunaomba mambo manne.

Kwanza, utusaidie ili wapimaji watenge njia ya wazi ya upana wa mita 3 kwenye miteremko na kando ya makorongo, sehemu zisizofaa kujengwa, na iingie kwenye ramani ya mipango miji. Itatumiwa na wachota maji na wanafunzi siku zote, na sisi asubuhi chache kwa mwaka.

Pili, gari la wagonjwa na muuguzi mmoja kwa asubuhi ya mbio, kwa tarehe tutakayoileta miezi mitatu kabla.

Tatu, barua zetu zipokelewe katika ofisi moja, na ofisi hiyo izisambaze kwa nyingine.

Nne, unapokutana na wafadhili, uwaombe kwamba kwa kila shilingi ya zawadi watoe na shilingi moja ya njia. Wakitaka jina lao lionekane, tutaliandika kwenye vibao vya mishale. Kila mwendeshaji atalisoma kila raundi. Na wakibaki na kitu, shule hii inahitaji helmeti 30 za watoto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi,
Dodoma.