Waajiri, msikilizeni mtu wa kazi anaposema "bado"

Mhariri,

Naandika programu za kompyuta hapa Mtwara. Kila msimu wa korosho naulizwa kwa nini vijana wa kazi hii wanakimbilia Dar es Salaam. Si mshahara peke yake.

Mwajiri wangu wa zamani alitaka mfumo wa kupokea uzito wa magunia ghalani uanze kesho yake, bila kujaribiwa. Usiku umeme ukakatika, uliporudi uzito ukaingia mara mbili. Nilikesha na karani, tukilinganisha stakabadhi mojamoja kwa tochi ya simu. Asubuhi lawama zote zikawa zangu.

Tunamtafuta bosi anayetupa muda wa kujaribu kazi kabla mkulima hajaitegemea. Atuache saa mbili tatu bila kutuitaita, maana ukikatizwa unaanza kufikiri upya. Betri ya akiba pia. Na karatasi, jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai masharti ya kazi yaandikwe, lakini wengi wetu tumeajiriwa kwa maneno ya mdomo.

Mama yangu yupo Mikindani, sitaki kuhama. Mwenye kazi ya namna hiyo hapahapa Kusini, nipo tayari hata kesho.

Mwandika programu,
Mtwara