Kiwewe cha askari hakiishi zamu inapoisha

Mhariri,

Askari polisi akipigwa risasi, ripoti huandikwa na fidia hudaiwa. Akirudi nyumbani mzima baada ya kuokota mwili wa mtoto barabarani, hakuna fomu ya kujaza. Kesho yake yuko zamu.

Mimi ni mke wa askari mstaafu. Hadi leo hukaa akiutazama mlango. Hapati usingizi kabla ya kukagua makomeo, na harufu ya petroli humwondoa mezani. Wanetu walijifunza wangali wadogo kutomwamsha kwa kumgusa. Watu humwita mkali. Mimi naona mwili uliozoea kungoja hatari, ambao haujui kuacha.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua ugonjwa huu wa kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, mwaka 1980, na toleo la 2013 likawataja hata polisi wanaokutana mara kwa mara na undani wa ukatili dhidi ya watoto. Si lazima uwe umeshambuliwa wewe. Na tiba ipo: Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, si kikao kimoja cha haraka baada ya tukio, basi.

Lakini askari wengi hawaendi, wakihofia kunyang'anywa silaha na cheo. Nawaomba wakuu wa polisi waufanye ushauri nasaha uwe wa siri, wa lazima kwa wakubwa na wadogo, na uendelee baada ya kustaafu, maana kwa mume wangu ndoto zilizidi alipovua sare.

Msomaji wenu